Siti binti Saad, Muuza Vyungu wa Fumba



Katika kijitabu hiki mtasoma hesabu za mfuko wetu, majina ya wenzetu waliotangulia mbele ya haki, na habari za mradi wa kuku. Kamati iliamua kwamba kurasa chache ziwekwe pia kwa ajili ya mwanamke mmoja wa zamani, ili watoto wetu wanaosoma wajue kuwa historia si ya masultani na magavana peke yao. Kumchagua huyo mmoja ndiko kulikotupa kazi. Wako waliomtaka Bibi Titi Mohamed, na ni haki yao, maana ndiye aliyewatoa akina mama majumbani kuingia TANU mwaka 1955. Wako waliomtaka Mekatilili wa Menza, Mgiriama wa huko Kenya, aliyewaapisha watu wake wasiutii utawala wa Waingereza mwaka 1913. Tulipotaja jina la Siti binti Saad baadhi ya wenzetu wakaguna. Eti huyo si mwimbaji wa taarabu tu? Amejenga nini? Kikao kikaenda mpaka chai ikapoa. Basi someni wenyewe.

Siti alizaliwa Fumba, upande wa kusini wa kisiwa cha Unguja, kwenye miaka ya 1880. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Mnyamwezi, na mama yake asili yake Mzigua, yaani damu ya huku kwetu Tanga, ingawa wote wawili walizaliwa huko huko Unguja. Walikuwa watu wa tabaka la utumwa. Hata jina alilopewa mtoto lilikuwa Mtumwa. Tunaliandika hivyo hivyo kwa sababu ndivyo lilivyokuwa, na asiyejua alikotoka mama huyu hawezi kujua alivyopanda. Soko la watumwa Unguja lilifungwa mwaka 1873, lakini kufungwa soko si kufutwa utumwa. Sheria ya kuwapa watu uhuru ilikuja mwaka 1897, nayo iliwaacha masuria nje mpaka mwaka 1909. Kwa hiyo Siti alikua katika nchi ambayo mwanamke mweusi wa shamba alijulikana kwa nguo yake kabla hajafungua mdomo. Kaniki ilikuwa nguo ya watumwa. Mwenye kupata uhuru kitu cha kwanza alikimbilia kanga.

Shule hakusoma. Wakati ule shule ya mtoto wa kike wa shamba ilikuwa wapi? Alisoma kazi ya mikono ya mama yake, ufinyanzi. Hapa wenzetu wanaofinyanga watatuelewa zaidi kuliko wengine. Udongo unachimbwa, unapondwa, unatolewa mawe, unaloweshwa. Chungu kinafinyangwa, kinaachwa kivulini kikauke polepole, halafu kinachomwa, na siku ya kuchoma ndiyo siku ya roho juu, maana kazi ya wiki nzima inaweza kupasuka mbele ya macho. Vikisalimika, bado safari. Kutoka Fumba mpaka mjini Unguja ni zaidi ya maili kumi, na Siti alizitembea kwa miguu na vyungu kichwani. Ukijikwaa mara moja, mtaji umekwisha.

Basi njiani alikuwa akinadi vyungu vyake kwa sauti. Watu wa zamani walisimulia kwamba sauti ile ilitangulia mwenyewe. Watu walijua muuza vyungu anakuja kabla hawajamwona. Sisi tunaofanya biashara ndogondogo tunajua maana yake. Mwenye kunadi vizuri huuza, mwenye haya hurudi na mzigo. Wengi husimulia maisha ya Siti kama kwamba sauti ilimshukia siku moja kutoka mbinguni. Sisi tunaona sauti ile ilifanya kazi ya biashara miaka mingi kabla haijafanya kazi ya muziki.

Mwaka 1911 akahamia mjini. Kuhamia mjini wakati ule kwa mtu wa asili yake kulikuwa na maana ya kukaa Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari, kwenye nyumba za udongo na makuti, walikojaa watu waliotoka utumwani na wahamiaji kutoka Bara. Upande wa Mji Mkongwe ndiko walikokaa wenye majumba ya mawe. Huko mjini akakutana na Ali Muhsin, mmoja wa watu wa chama cha muziki cha Nadi Ikhwani Safaa kilichoanzishwa mwaka 1905. Bwana huyo aliisikia sauti yake, akaona isipotee bure, akamfundisha kuimba na kumjulisha kwa wapigaji.

Ili muelewe ukubwa wa jambo lenyewe, yafaa mjue taarabu ilikuwa ya nani. Ilikuwa ya jumba la Sultani. Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeileta kutoka Misri, akampeleka na mtu wake huko kujifunza ala. Ikaimbwa kwa Kiarabu, ikapigwa na wanaume, wakasikiliza wakubwa. Anayefagia uwanja hakuelewa hata neno. Sasa anatokea mwanamke kutoka Fumba, binti wa watumwa, anaimba taarabu ile ile kwa Kiswahili. Kiarabu pia alikiimba, na nyimbo za Kihindi, lakini Kiswahili ndicho kilichomfanya awe Siti. Anayefagia akaelewa. Mpishi akaelewa. Mchukuzi wa bandarini akaelewa.

Na jina nalo likabadilika. Siti kwa Kiarabu ni kusema bibi, mwanamke wa heshima. Kutoka Mtumwa mpaka Siti! Watu wengine hubadilisha jina kwa kuona aibu, lakini huyu jina jipya alipewa kwa kazi aliyoifanya.

Msidhani alipokelewa kwa mikono miwili. Kulikuwa na waimbaji wengine mjini waliojiona wa juu, wakamtungia nyimbo za kumkejeli. Walimcheka kwa sura yake, wakamcheka kwa asili yake ya shamba na kwa nguo ya kaniki aliyokuja nayo mjini, wakasema pasipo sauti yake angekula nini. Naye akajibu kwa wimbo, kwa maana kwamba uzuri wa sura na ukoo si kitu mbele ya akili na adabu. Kujibu kwa adabu matusi ya hadharani si mchezo, jamani. Sisi wenyewe tulipoanza kikundi hiki tuliitwa wanawake waliokosa kazi, na wako kati yetu walioshindwa kujizuia sokoni, watatusamehe kwa kuwataja bila majina.

Siti hakuimba peke yake. Alikuwa na kundi: Subeti bin Ambari, Buda bin Swedi, Mwalimu Shaaban, na Mbaruku, mpigaji asiyeona aliyetoka Mombasa. Walikutana usiku nyumbani kwa Siti huko Ng'ambo kufanya mazoezi, na watu wa mtaani wakaja kusikiliza. Pale nyumbani pakawa kama baraza. Habari za mchana zilifika pale jioni: nani kapelekwa mahakamani, nani kaonewa, hakimu kasema nini. Mambo hayo yakatungwa nyimbo. Wakati huo Unguja ilikuwa chini ya ulinzi wa Waingereza tangu mwaka 1890, na mahakama zilikuwa kitu cha kutisha kwa mtu asiyesoma.

Wimbo mmoja tutausimulia habari yake, kwa sababu ndio uliowanyamazisha wale wenzetu waliokuwa wakiguna. Unaitwa kwa jina la mwanamume aliyefanya ubaya, Kijiti. Alikuja Unguja mgeni wa kike. Akatoka na wanawake wenzake kwenda ngomani Chukwani, na kinywaji wamechukua kikapuni, nyumbani hawakuaga. Kijiti akamhadaa mgeni yule, wakatoka wote, na mwisho wake akarudishwa maiti. Naye alikuwa na mimba. Kijiti akatoroka kuvuka bahari kuja Bara. Kesi ilipokuja mahakamani, waliosimama mbele ya hakimu walikuwa wale wanawake mashahidi, na hasira ya hakimu ikawaangukia wao. Wakafungwa wao. Muuaji yuko zake ng'ambo ya bahari anatembea.

Someni tena mpaka hapo. Mwanamke kauawa, wanawake wakafungwa. Gazeti gani la wakubwa lingeandika habari hiyo kwa upande wa wale akina mama? Wangesema walitoka bila ruhusa, walibeba kinywaji, yamewapata waliyoyatafuta. Hata kwenye kikao chetu sauti hiyo ilisikika, tusifichane, mama mmoja aliuliza walikwenda kutafuta nini ngomani. Wimbo wenyewe haukuwaficha, umetaja na kikapu na kinywaji. Lakini ukaiweka lawama mahali pake, juu ya Kijiti na juu ya kiti cha hakimu, na ukamwonya Kijiti kuwa huku Bara nako watu wanamngoja. Wimbo huo ukaimbwa na watu wasiojua hata jina la hakimu. Wale akina mama hawakuwa na wakili, walikuwa na Siti. Sisi kwenye kikundi tuna wenzetu wawili waliowahi kusimama mahakamani kwa sababu ya mirathi, na wote wawili walikubaliana kwamba hapo ndipo walipomkubali Siti.

Uko na wimbo mwingine juu ya mtu aliyewadhulumu maskini wasiojua kusoma, mpaka mwisho akapatikana na kutiwa kifungoni kazi ngumu. Mwenzetu mmoja alipigishwa dole gumba kwenye karatasi aliyoambiwa ni ya kupimiwa kiwanja, kumbe kiwanja kimeuzwa. Hatutaji aliyemfanyia. Ni kwa ajili yake tulianzisha darasa la kusoma la Jumamosi kabla hata ya kununua sanduku la fedha, na hadi leo hakuna mwanachama anayeweka dole kwenye daftari letu kabla ya kusomewa mbele ya watu watatu. Siti alikuwa amekwisha kuyaona hayo miaka karibu mia nyuma.

Sasa tuje kwenye safari ya Bombay, mji ambao siku hizi unaitwa Mumbai. Kabla ya hapo santuri zilikuwapo Unguja, lakini sahani zake zilikuwa za waimbaji wa Misri na India. Mwenye santuri alisikiliza lugha za wenzake. Mwaka 1928 kampuni ya Gramophone, ile yenye alama ya mbwa anayeisikiliza santuri, ikamsafirisha Siti na kundi lake kwa meli mpaka Bombay kurekodi nyimbo za Kiswahili. Fikirini mwanamke wa Fumba, asiyejua kusoma, anavuka Bahari ya Hindi kwa kazi yake mwenyewe. Mababu wa watu wengi wa pwani walivushwa bahari kama mizigo. Yeye alivuka kwa mkataba. Anahesabiwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki ambaye sauti yake ilitiwa kwenye sahani za santuri.

Sahani zile ziliuzwa haraka, hata wakarudi tena Bombay miaka iliyofuata. Zikafika Mombasa, Dar es Salaam, Tanga na mbali huko bara. Wenye mikahawa walipiga sahani za Siti kuvuta wateja, na asiyekuwa na uwezo wa kununua santuri alisikiliza kwa bei ya kikombe cha kahawa. Huko nyuma aliimba kwenye arusi za wakubwa na mbele ya Sultani, na bado nyumbani kwake Ng'ambo mlango haukufungwa kwa watu wa mtaani. Mwaka ule ule wa 1928 watu wa Ng'ambo, akina mama wakiwa mbele, waligoma kulipa kodi ya ardhi waliyojenga vibanda vyao. Hatusemi Siti ndiye aliyegomesha. Tunasema hao ndio waliokuwa majirani zake na wasikilizaji wake.

Bei ya sahani na malipo ya kila mtu hatutayaingilia hapa. Lakini mweka hazina wetu, kama mnavyomjua, aliuliza swali la mweka hazina: faida ya sahani zilizouzwa mpaka bara ilikwenda wapi, kwa mwenye sauti au kwa mwenye mashine? Ni swali la wafinyanzi wote, wasuka ukili wote na wakulima wote wa mwani.

Siti alifariki Julai 1950. Kabla ya hapo alipata kuonana na mtu mmoja wa Tanga kwetu, Shaaban Robert, ambaye hamna haja ya kuambiwa ni nani. Shaaban Robert akaandika Wasifu wa Siti binti Saad, na kitabu kikatoka baada ya bibi kufa. Katika mambo yote ya Shaaban Robert tunayoyashukuru, hili kwetu ni kubwa. Angeweza kuandika habari za sultani au liwali, na angepata sifa zaidi. Akaacha akaandika maisha ya mwanamke muuza vyungu, mwimbaji, mtoto wa watumwa. Kama asingekaa kitako naye akamuuliza, leo tungekuwa na sauti kwenye sahani lakini tusingejua kuwa mama yake alifinyanga udongo. Na kama isingekuwa sahani, tungekuwa na kitabu bila sauti. Wafinyanzi wenzake wa Fumba, waliotembea naye barabara ile ile na mizigo ile ile, hatuna hata jina la mmoja.

Walioziokota nyayo zake wapo. Fatuma binti Baraka, Bi Kidude, aliyefariki mwaka 2013, alijifunza kwa kumsikiliza Siti akiwa bado msichana. Na chama cha wanawake waandishi wa habari, TAMWA, kilichoanzishwa mwaka 1987, kilipotoa gazeti lake mwaka 1988 kililiita Sauti ya Siti. Wale walikuwa wanawake waliosoma vyuo, wanajua majina ya malkia wa Ulaya na majina ya wasomi. Wakachagua la mwanamke asiyejua kusoma, kwa sababu yeye alikwisha kuifanya kazi ya gazeti kabla yao.

Tuliwaambia yote hayo wenzetu, kikao cha pili. Halafu kijana wa mwanachama mmoja akatuwekea sauti ya Siti kwenye simu. Inakwaruza, maana sahani ni ya zamani, na udi unasikika kwa mbali. Ilipokwisha hakuna aliyeguna tena, ila bibi yetu mkubwa, ambaye ni mfinyanzi, alitaka irudiwe. Ikarudiwa mara tatu.

Kura zikapigwa: wanachama 19 kati ya 23 wakakubali. Na katibu akaagizwa kwamba kijitabu kisiishie kwa Siti. Kurasa zinazofuata ni maisha ya wanachama wetu saba walio wakubwa kuliko wote, kama walivyosimulia wenyewe na kuandikwa na watoto wa darasa la saba, kisha wakasomewa mpaka wakaridhika. Tumeanza na bibi yetu mfinyanzi. Amesema jina la mama yake na la bibi yake yaandikwe kwanza, kabla ya lake, na limefanyika kama alivyotaka.